Simu ya Raia Isifunguliwe Bila Jaji

Twaambiwa kila mara kwamba hatuna budi kuchagua: ama usalama, ama faragha. Waheshimiwa hutuambia hivyo Bungeni, maafisa wa usalama hutuambia hivyo, na hata baadhi ya wahubiri huyarudia maneno hayo mimbarini, wakiongeza kwamba asiye na hatia hana la kuficha. Sisi twasema kwamba mizani hiyo ni ya hila. Swali lililo mbele ya Wakenya si kiasi gani cha faragha kitolewe ili kiasi gani cha usalama kipatikane. Swali ni nani ashike ufunguo. Jibu letu ni moja: ufunguo wa simu ya raia ukae mikononi mwa jaji, wala si mikononi mwa askari, wala mwa waziri, wala mwa karani wa kampuni ya simu.

Tuanze na jambo ambalo hatubishani na mtu juu yake. Ugaidi katika nchi hii si hadithi ya kutishia watoto. Mnamo Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate. Juni 2014 damu ilimwagika Mpeketoni. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na miongoni mwao wakiwa vijana waliokutwa katika maombi ya alfajiri. Makanisa yetu ndiyo yaliyowazika. Hatuwezi kusimama mbele ya wazazi wao na kusema kwamba serikali isiwe na njia yoyote ya kusikiliza mipango ya wauaji. Ni lazima iwe nayo.

Lakini njia hiyo ilikuwapo kabla ya Garissa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 36, yampa afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta Mkuu au zaidi uwezo wa kuomba amri ya kunasa mawasiliano. Kwanza apate idhini ya Inspekta Jenerali au ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kisha aende mbele ya Mahakama Kuu. Mshukiwa haitwi wala hajulishwi, hivyo hapati nafasi ya kutoroka. Jaji husikiliza sababu, akiridhika hutoa amri. Nao majasusi, chini ya sheria yao ya mwaka huo huo wa 2012, wapaswa vilevile kwenda kwa jaji wa Mahakama Kuu kuomba kibali. Huo ndio utaratibu wa nchi yenye sheria, na sisi twaukubali.

Kisha ikaja Desemba 2014. Katika kikao ambacho taifa zima lilikitazama kwa aibu, wabunge wakirushiana makaratasi na kushikana mashati, Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Usalama ulipitishwa, na siku iliyofuata ukatiwa sahihi. Ndani yake palipenyezwa kifungu kipya, 36A. Twawaomba wasomaji waitazame herufi hiyo moja. Kifungu cha 36 kinamtaka askari aende kwa jaji. Kifungu cha 36A kinasema kwamba vyombo vya usalama vyaweza kunasa mawasiliano kwa kufuata taratibu zitakazowekwa na waziri na kuidhinishwa na Bunge. Jaji hatajwi. Herufi moja imetosha kumwondoa mlangoni. Mnamo Februari 2015 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu vinane vya sheria hiyo, na twaishukuru kwa ujasiri wake. Lakini 36A ilikiacha kisimame. Kumpa waziri wa usalama kazi ya kuandika masharti ya kuwabana watu wa usalama ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Katiba tuliyoipata tarehe 27 Agosti 2010 haikuacha jambo hili gizani. Ibara ya 31 yamlinda kila mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake, habari za jamaa yake zisidaiwe bila sababu ya haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Ibara ya 24 yakubali kwamba haki yaweza kuwekewa mipaka, ila kwa sheria tu, kwa kiasi kinachostahili katika jamii huru ya kidemokrasia, na kwa kuangalia kama hakuna njia nyingine nyepesi zaidi. Haya si mapambo. Anayetaka kuifungua simu ya raia ndiye mwenye mzigo wa kueleza sababu. Raia hana wajibu wa kueleza kwa nini anataka kubaki na siri zake.

Na ni siri gani hizo? Tusidanganywe na wale wasemao kwamba hawasikilizi mazungumzo, bali huchukua kumbukumbu tu: nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa dakika ngapi, kupitia mnara gani. Fikirini mwanamke anayempigia mchungaji wake usiku wa manane mara tatu kwa juma. Fikirini kijana ambaye nambari yake yaonekana kila mwezi karibu na kliniki fulani. Fikirini karani wa wizara aliyempigia mwandishi wa habari siku moja kabla ya kashfa kufichuka. Hakuna hata neno lao moja lililosikika, na wote wamekwisha kuvuliwa nguo hadharani. Ongezeni juu yake M-Pesa, iliyoanza Machi 2007 na ambayo leo ndiyo mkoba wetu: humo mna sadaka, harambee, karo, michango ya mazishi na fedha za kumlipia wakili mtu aliyetiwa ndani. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuiona simu, lakini waliijua.

Hata Marekani, nchi ambayo siri za upelelezi wake zilianikwa na Edward Snowden mnamo Juni 2013, imelazimika kulikubali hili. Katika kesi ya Carpenter, mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabavu madukani, polisi walikuwa wamechukua kwa kampuni za simu kumbukumbu za siku 127, zenye alama 12,898 za mahali alipokuwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kumbukumbu za namna hiyo hazichukuliwi ila kwa hati ya mahakama. Ikiwa mshukiwa wa ujambazi anastahili jaji, je, muumini wa Kiambu au mvuvi wa Lamu hastahili?

Hapa kwetu mambo yamekwenda kinyume. Kwanza tuliambiwa tusajili laini zetu, na kanuni za mwaka 2015 zikatufunga. Mwaka 2022 tukapangwa foleni tena, tukaenda na vitambulisho vyetu, hadi siku ya mwisho ya tarehe 15 Oktoba. Hatukukataa. Mapema mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilizitaka kampuni zikubali kuunganishiwa mtambo wa kusimamia vifaa vya simu, ikieleza kuwa shabaha ni simu bandia na za wizi. Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaupiga mtambo huo marufuku, ikisema kwamba unatishia faragha na kwamba umma haukushirikishwa. Aprili 2020 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Aprili 2023 rufani ya Chama cha Mawakili ikatupwa na Mahakama ya Juu. Halafu mwishoni mwa 2024 tukatangaziwa kwamba nambari ya utambulisho ya kila simu inayoingia nchini itolewe kwa serikali kuanzia Januari 2025. Julai 2025 Mahakama Kuu ikasema kwamba jambo hilo lakiuka Katiba. Mlango mmoja ukifungwa, wao hutafuta dirisha.

Labda msomaji atauliza: kuna madhara gani iwapo serikali itajua tulipo? Jibu aliliona kila mwenye macho kuanzia Juni 2024. Vijana waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 Juni damu yao ikamwagika nje ya Bunge. Baadaye wakaanza kutoweka mmoja mmoja. Kufikia Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu waliotekwa nyara au kutoweshwa tangu Juni. Mtu akiwa ametiwa katika gari lisilo na nambari za usajili, mamaye hupiga simu na kujibiwa na ile sauti ya upole kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Kwa mamaye hapatikani. Kwa waliomteka, alipatikana upesi mno. Je, walimpataje?

Oktoba 2024 magazeti ya Nairobi yaliandika kwamba vyombo vya usalama vimekuwa vikizifikia kumbukumbu za wateja wa simu bila amri ya mahakama. Kampuni kubwa kuliko zote nchini ilikana, ikasema haitoi habari za mteja ila kwa amri ya mahakama. Sisi hatutoi hukumu bila ushahidi. Hiyo si kazi ya wakili wala ya Mkristo. Twasema hivi tu: ikiwa maneno hayo ni ya kweli, basi itangaze hesabu. Mwaka jana ilipokea amri ngapi? Kutoka mahakama zipi? Ilikataa maombi mangapi yaliyokuja bila amri? Wala isiseme kwamba haiwezekani. Juni 2014 kampuni ya Vodafone ilichapisha ripoti ya matakwa ya serikali katika nchi 29 ilizofanyia biashara, ikakiri kwamba katika nchi chache serikali zilikuwa zimejiunganisha na mitambo moja kwa moja. Lililowezekana London laweza kuwezekana Nairobi.

Tena kampuni za simu zisijifanye kwamba ni tarishi asiye na hatia. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, kifungu cha 31, yamfanya mhalifu mwendeshaji wa simu anayenasa ujumbe au kufichua yaliyomo nje ya kazi yake halali. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 300,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mkurugenzi anayepokea barua ya afisa wa polisi isiyo na muhuri wa mahakama na kuitii, hatii sheria, anaivunja. Twatambua kwamba leseni yake hutoka serikalini, na kwamba serikali yenyewe ni mwenye hisa katika kampuni iliyo kubwa kuliko zote. Ndiyo sababu hatuwezi kuacha ulinzi wetu utegemee ushujaa wa mfanyabiashara.

Sasa tuseme na waumini. Wapo miongoni mwenu wanaoamini kwamba jambo hili ni la wanasiasa na magaidi. Mkumbukeni Danieli. Wakuu wa ufalme walimchunguza katika kazi yake wasione kosa. Wakamtungia mfalme amri, akaitia sahihi, kisha wakaja nyumbani kwa Danieli kumvizia akisali. Danieli hakuwa na la kuficha. Madirisha yake yalikuwa wazi. Hilo halikumwokoa na tundu la simba. Mwenye kutuchungulia ndiye aamuaye ni lipi litakuwa kosa, na aweza kuliamua baada ya kuchungulia. Hii ndiyo maana ule msemo wa asiye na hatia hana la kuficha ni msemo wa hatari. Hatia huandikwa na wengine.

Wazee wetu walijua hivyo. Katiba ya zamani nayo, katika kifungu cha 79, ililinda barua za raia zisiingiliwe. Hata hivyo katika miaka ya 1980, pale sheria ilipokuwa karatasi tupu na majaji wakiogopa, watu walikamatwa kwa vitabu walivyosoma na kwa marafiki waliowatembelea, wakapelekwa vyumba vya chini vya Nyayo House. Mchungaji Timothy Njoya alipohubiri juu ya vyama vingi siku ya Mwaka Mpya wa 1990, na maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari waliponena bila woga, waliweza kunena kwa sababu kulikuwako watu waliokutana, wakashauriana na kupeana moyo mahali ambapo sikio la dola halikufika. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Ushindi ule ulianzia katika minong'ono.

Hapa ndipo hoja yetu inapofikia kiini chake. Vyama vingi si orodha ya vyama kwenye daftari la Msajili. Chama cha upinzani ni watu wanaoshauriana jinsi ya kumwondoa aliye madarakani kwa kura. Ikiwa aliye madarakani aweza kujua kila anayewapigia simu, kila anayewachangia, kila nyumba wanamokutana, bila kumweleza jaji hata mmoja sababu yake, basi anacheza karata huku akiona mkono wa mwenzake. Hayo si mashindano. Ni chama kimoja kilichorudi kwa njia ya mnara. Nao wenye kukaa Ikulu leo wakumbuke kwamba nchi hii imebadilisha serikali kwa kura, na itazibadilisha tena. Mtego unaoutega leo utaurithi adui yako kesho.

Tunayajua majibu yao. Watasema majaji ni wazito na magaidi ni wepesi. Twajibu: Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 49, yamtaka polisi amfikishe mtu aliyekamatwa mbele ya mahakama ndani ya saa 24, na nchi haikuanguka kwa ajili hiyo. Basi simu ya mtu ipewe heshima ileile. Ikiwa pana hatari ya dakika hii, afisa aandike sababu zake, atie jina lake na sahihi yake, achukue hatua, kisha ndani ya saa 24 ayalete mbele ya jaji yote aliyoyachukua. Jaji akikataa, kila kitu kiharibiwe. Askari mwaminifu hapotezi chochote kwa utaratibu huu. Naam, anapata, kwa kuwa Ibara ya 50 huruhusu mahakama kuutupa nje ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki pale unapoharibu kesi au utoaji wa haki. Anayefungua simu bila amri anaweza kumfungulia gaidi mlango wa mahakama atoke huru.

Watasema pia kwamba hakuna nchi ya Afrika inayoweza kuishi na masharti kama hayo. Tuitazame Afrika Kusini. Mwandishi wa habari Sam Sole aligundua kwamba mazungumzo yake ya simu yalikuwa yamerekodiwa na dola. Yeye na kituo chao cha uandishi, amaBhungane, wakaenda mahakamani. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba sheria ya upelelezi ya nchi hiyo ina kasoro, kwa sababu haikuhakikisha uhuru wa jaji anayetoa idhini, haikumtaka mtu aliyepelelezwa ajulishwe baadaye, wala haikuwalinda ipasavyo mawakili na waandishi. Ikaagiza kwamba, wakati sheria ikirekebishwa, aliyepelelezwa ajulishwe ndani ya siku 90 baada ya muda wa amri kwisha, ila pale jaji aonapo kwamba kumjulisha kutaharibu upelelezi. Afrika Kusini haikusambaratika.

Kwa hiyo madai yetu ni haya. Kwanza, kifungu cha 36A kifutwe, na kila chombo cha usalama kirudi katika njia ya kifungu cha 36. Pili, kumbukumbu za simu, za mahali na za M-Pesa zihesabiwe kuwa mawasiliano, zisitolewe bila amri ya jaji. Tatu, hatua ya dharura ifikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Nne, mtu aliyepelelezwa ajulishwe upelelezi ukimalizika. Tano, Mahakama Kuu na kampuni za simu zitangaze kila mwaka hesabu ya amri zilizoombwa, zilizotolewa na zilizokataliwa. Sita, mazungumzo ya wakili na mteja wake, ambayo Sheria ya Ushahidi imekwisha kuyalinda, na ya mchungaji na muumini wake, ambayo yastahili ulinzi huo huo, yasiguswe ila kwa amri maalum yenye sababu zilizoandikwa.

Hatusubiri Bunge lianze. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, japo imewaachia watu wa usalama mlango mpana kwa jina la usalama wa taifa na maslahi ya umma, imempa kila raia haki ya kujua habari zake zinatumiwaje na ya kuziona. Tuitumie. Kila kikundi cha kina mama, kila umoja wa vijana, kila kamati ya haki na amani parokiani iketi baada ya ibada, na kila mtu aiandikie kampuni yake ya simu barua yenye maswali mawili: je, mmempa mtu yeyote kumbukumbu zangu, na kwa amri ya mahakama gani? Weka tarehe, tia sahihi, baki na nakala. Wasipojibu, malalamiko yaende kwa Kamishna wa Data. Barua moja watairusha kapuni. Barua elfu kumi zitawafanya waite mkutano wa bodi. Na atakayekuja kwetu kuomba kura mwaka 2027, awe wa serikali au wa upinzani, tumuulize swali hilo hilo mbele ya watu, tuandike jibu lake, na tumkumbushe akishachaguliwa.